Inapitika

Kioo cha tatu kilipasuka mbele ya kibanda cha kinyozi, hatua mia moja tu kabla ya kufika karakana ya Fundi. Hakikupasuka kwa kishindo. Lori lilizama tairi la nyuma, likainuka, likatua, na huko nyuma ukasikika mlio mdogo kama wa sahani iliyowekwa vibaya kabatini. Kinyozi akazima mashine, akamwacha mteja na nusu kichwa, akachungulia mlangoni.

"Kimekwenda kingine," akasema.

Dereva wa lori akashuka. Akaangalia vioo, akaangalia barabara, kisha akamwangalia Fundi aliyekuwa anakuja mbio na ndala zake mkononi. Ndala hazivaliki pale. Bomba la maji lililochimbiwa barabara yote ile linavuja tangu siku lilipofukiwa, na tope lake halijui kiangazi.

"Mzee wangu, mimi nakuheshimu," dereva akasema. "Lakini tajiri kaniambia nikufikishie ujumbe. Mzigo ujao ni Jumatatu. Nikifika njia panda nikakuta barabara iko hivi, nigeuze. Na nikigeuza siku hiyo, nisije tena. Si mimi, ni tajiri."

"Jumatatu hii?"

"Hii inayokuja."

Fundi akashika ukingo wa lori, akakitazama kioo kilichopasuka. Ufa ulikuwa umekata kona hadi kona, safi kabisa, kama aliyeukata ni yeye. "Mwambie tajiri nimesikia," akasema.

Sasa, ili tuelewane. Fundi alikuwa anakata vioo kwenye karakana iliyoungana na nyumba yake, mwaka wa kumi na tisa huo. Madirisha, meza, vioo vya kujitazamia, vyote vilianza kama kioo kizima kirefu kuliko mtu, kilicholetwa kimesimama kwenye lori lenye fremu yake. Lori lisipoingia, hakuna kioo. Kioo kisipokuwepo, hakuna karakana. Kukibeba kwa mikono kutoka njia panda walishajaribu, yeye na mkewe, mara moja. Upepo ukakishika katikati ya njia, wakawa wanakitua kila hatua ishirini, na alama ya siku ile mkewe anayo mkononi mpaka leo. Walipofika nyumbani mkewe alisema neno moja tu: "Basi." Na mkewe akisema basi, ni basi.

Na hiyo barabara? Walikuja watu wa mkandarasi na mashine ya njano, wakachimba, wakalaza bomba, wakafukia nusu, wakapiga picha, wakaenda zao. Mwezi wa kumi na nne huo. Ukienda ofisini unaambiwa mkandarasi anasubiri greda. Ukimpata mkandarasi anakwambia anaisubiri ofisi. Mimi ninayesimulia nimechoka hata kusimulia, sembuse mwenye kwenda na kurudi.

*

Jioni ile ile, jua halijazama, simu ya mke wa Fundi ikalia. Alikuwa kaka yake, yule anayeishi ng'ambo, ambaye mtaa mzima humwita Majuu. Majuu ana tabia moja: hapigi simu ya sauti tu. Lazima akuonyeshe.

"Dada, ngoja kwanza. Tazama hapa." Picha ikayumba, ikatulia kwenye barabara nyeusi tii yenye mistari myeupe. "Unaona hapo nilipokanyaga? Juzi bomba lilipasuka hapo. Shimo, ungesema kisima. Jana asubuhi wamekuja watu wanne. Leo natoka kazini, hivi ndivyo nilivyokuta."

"Leo leo?"

"Leo leo! Na wametutupia barua mlangoni, kila nyumba. Wanaomba radhi kwa kelele."

Mke wa Fundi alikuwa anasugua kingo za kioo kwa msasa. Akauweka chini. "Kelele?" akasema. "Sisi hizo kelele tungetoka nje tukazicheza."

Mama yake Fundi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, akasogeza uso kwenye simu. "Hebu niulize mimi. Hao watu wanne, wana mikono mingapi?"

Majuu akacheka. "Miwili, mama. Kama wewe."

"Sawa. Nilidhani labda wenzetu wamezidishiwa."

"Shemeji yuko wapi? Mpe aone hii lami."

Fundi alikuwepo, nyuma yao, anafagia vipande. Alikuwa amesikia kila neno. Unajua ile hasira ya mtu mpole, isiyokuwa na pa kwenda? Ndiyo hiyo. Hakumkasirikia Majuu hasa. Majuu alikuwa anafurahi tu, na mtu akifurahi hupenda kugawa. Lakini kila alipoonyeshwa lami ile Fundi alijisikia kama mtoto anayeonyeshwa daftari la mwenzake.

"Mwambie shemeji lami yake nimeiona," akasema. "Mwezi uliopita aliniletea ya mtaa wa pili. Aiache ipumzike."

Simu ilipokatika, mkewe akamtazama. "Kwa nini umemjibu vile? Barabara si yeye aliyeichimba."

"Jumatatu lori linageuza."

Hapo ndipo alipomwambia. Mkewe akaliuliza lile swali ambalo wote wawili walikuwa wanalizunguka. "Na Kidole?"

Kidole ni kijana aliyewahi kufundishwa kazi na Fundi. Siku yake ya kwanza alijikata kidole, jina likamganda. Sasa ana karakana yake upande wa pili wa mji, kwenye lami, na wafanyakazi watano. Mara mbili ameshampigia Fundi kumwambia kwa adabu zote kwamba nafasi ipo.

"Kidole nilimfundisha mimi kushika kisu," Fundi akasema. "Leo nikamwombe ruhusa ya kwenda kunywa maji?"

"Sijasema uende. Nimeuliza."

Mama mtu akaingilia kutoka kwenye kiti chake. "Mikono miwili, wamesema. Ninyi mnayo mingapi humu ndani?"

*

Jumamosi asubuhi wakaanza. Fundi, mkewe, kinyozi, na watu wa nyumba kama nane za mtaa ule, kila mmoja na alichonacho: sururu, koleo, beseni, toroli moja lenye gurudumu linalolia. Kifusi walikipata kwenye ukuta uliobomolewa nyuma ya ghala, changarawe wakachanga.

Wengine walidhani ni kazi ya kujaza mashimo, mwagia, kanyagia, tukaoge. Hawakumjua Fundi. Alikuja na uzi, na vigingi, na ile pima maji yake ya karakanani, akaanza kulaza barabara kama mtu anayelaza kioo cha meza ya rais. Kila hatua kumi anachutama, anaweka pima maji chini, anafumba jicho moja.

"Hapa toeni," akasema saa sita, jua likiwa utosini.

"Tutoe nini?" kinyozi akauliza.

"Hiki kifusi. Kimeinama kushoto."

"Fundi, ndugu yangu, hii ni barabara. Si kioo."

"Kitakachopita ni kioo."

Wakatoa, huku wananung'unika. Wakamwaga upya, wakashindilia kwa kigogo, wakamwaga maji, wakashindilia tena. Mke wa Fundi alibeba beseni mpaka shingo ikakakamaa, lakini kila alipopita aliitupia jicho ile sehemu iliyokwisha na moyo wake ulituna. Alikuwa amesahau jinsi mumewe anavyokuwa akiwa na kazi ngumu mikononi. Miezi kumi na minne alikuwa anaishi na mtu anayelalamika tu.

Jumapili jioni walikuwa wamemaliza. Mama yake Fundi akatoka na fimbo yake, akatembea mpaka kwa kinyozi na kurudi, bila kushikwa mkono. "Haya," akasema. "Mpigieni yule simu, tumwonyeshe na yetu."

Na wakampigia kweli. Majuu akapiga makofi peke yake huko aliko. "Shemeji, hapo umenikomesha!"

Jumatatu lori likaingia. Dereva alikuja taratibu, kichwa nje ya dirisha, amekunja uso kama mtu anayengoja kofi. Kofi halikuja. Alisimama mlangoni kwa Fundi, akahesabu vioo, na vyote vilikuwa vizima. Akashika mkono wa Fundi kwa mikono yake miwili. "Mzee wangu, wewe ni noma," akasema.

Siku ile Fundi alikata vioo huku anapiga mluzi.

*

Jumatano akaja mtu wa ofisi.

Alikuja kwa pikipiki, na kitambulisho kifuani na kishikwambi mkononi. Mtu wa heshima, wala hakuwa na nia mbaya, nataka hilo lijulikane. Alikuwa na orodha ya barabara thelathini na moja za kukagua kabla mwisho wa wiki haujafika, na hii ilikuwa ya tisa. Mke wa Fundi alikuwa amekwenda kupima madirisha ya mteja. Kinyozi alikuwa amefunga. Fundi alikuwa peke yake mlangoni.

"Habari za kazi, mzee. Hii ndiyo barabara ya mradi wa bomba?"

"Ndiyo yenyewe."

Mkaguzi akaitazama juu, akaitazama chini. Akashuka kwenye pikipiki, akaikanyaga kwa kisigino. "Aisee. Hii imelazwa vizuri. Huko nilikotoka ni vichekesho. Hapa mtu kapima kabisa."

Sasa jitie wewe mahali pa Fundi. Mwaka na miezi hajasikia neno jema kutoka ofisi yoyote. Na huyu hapa, mtu wa ofisi, anaisifia kazi yake bila kujua ni yake.

"Nimeipima mimi," Fundi akasema, na hakuweza kuzuia tabasamu. "Tumeitengeneza wenyewe, wananchi. Mkandarasi hajatia mguu hapa."

"Wenyewe?" Mkaguzi akatikisa kichwa kwa heshima ya kweli. "Hongereni sana." Akaperuzi kishikwambi chake, akakuna sikio. "Tatizo humu hakuna mahali pa kuandika hivyo. Swali ni moja. Inapitika, au haipitiki."

"Ukiandika haipitiki inakuwaje?"

"Nikiandika haipitiki lazima nipige picha ya shimo. Nionyeshe shimo, mzee."

Fundi akageuka kuitazama barabara yake. Shimo halikuwepo. Angeweza kusema ngoja mvua. Angeweza kusema njoo na mwenzako, njoo na mkandarasi, ngoja mke wangu arudi. Hayo yote aliyafikiria baadaye. Wakati ule aliulizwa kuhusu kazi ya mikono yake, kama ni nzima au mbovu, na katika miaka kumi na tisa hakuwahi kuisema kazi yake vibaya.

"Inapitika," akasema. "Inapitika hata na kioo."

"Basi nisaidie sahihi hapa, kama mkazi. Tumia kidole tu. Na picha moja, simama hapo katikati."

Akasimama katikati. Akashika na koleo.

Jioni mkewe aliporudi alimwambia kuna mtu wa ofisi alipita, ameisifia barabara. Ya sahihi hakuyataja. Hakuyaficha. Aliona ni jambo dogo.

*

Mvua zilianza wiki iliyofuata, na zilipoanza hazikuuliza. Siku ya kwanza barabara ilistahimili. Siku ya pili maji, yasiyo na mtaro wa kupitia kwa sababu mtaro ulikuwa kazi ya mkandarasi, yakachagua kupita katikati. Siku ya tatu lile bomba linalovuja likaungana nayo kutoka chini. Watu wakatoka milangoni kutazama kifusi chao kikishuka mtaani kwa mafungu, na changarawe walizochanga zikienda kujikusanya huko bondeni, mahali pasipo na haja nazo.

Dereva alipiga simu akiwa njia panda. "Mzee wangu, nimeona. Nageuza. Nisamehe."

Fundi alivaa shati lake jeupe akaenda ofisini. Alikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili mpaka saa saba, suruali imejaa matope hadi magotini, na watu waliokaa karibu naye walikuwa wanasogea kidogo kidogo. Dada wa dirishani alipomwita, alimsikiliza vizuri. Akaandika jina la mtaa kwenye kompyuta, akasoma, akakunja uso.

"Barabara yenu imekamilika, baba."

"Imekamilika nini? Mimi nimetoka huko. Tazama miguu yangu."

"Humu inasema imekaguliwa, inapitika. Mkandarasi ameshalipwa malipo ya mwisho na mradi umetolewa kwenye orodha." Akageuza kompyuta upande wa Fundi. "Si wewe huyu?"

Alikuwa yeye. Na koleo lake, na meno yote nje.

Watu wawili waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakanyoosha shingo. Mmoja akasema, "Kumbe mzee ndiye mkandarasi," na mwenzake akacheka. Fundi akasikia joto limepanda kutoka kifuani mpaka masikioni.

"Ile tuliitengeneza wenyewe," akasema kwa sauti ya chini. "Nilimwambia mkaguzi."

"Naamini, baba. Lakini sahihi ni yako." Dada wa watu alimwonea huruma, ilionekana. Akashusha sauti na yeye. "Kuna njia moja. Unaandika barua kwamba maelezo uliyotoa siku ile hayakuwa ya kweli. Kamati ikikaa, wanaweza kuirudisha kwenye orodha."

"Niandike nilidanganya."

"Hayakuwa ya kweli. Tunaandika hivyo."

"Na nisipoandika?"

"Mpango unaofuata ni baada ya miaka mitatu."

Alimpa karatasi na kalamu. Fundi akaenda kwenye benchi, akaiweka karatasi juu ya goti. Akaandika jina la mtaa. Akaandika tarehe. Akaandika: "Mimi mkazi wa mtaa huu natamka kwamba siku ile barabara ilikuwa", akaishia hapo. Akakaa na kalamu hewani mpaka dada wa dirishani akaanza kufunga kwa ajili ya chakula. Mwisho akaandika "haipitiki", akatia sahihi, akaipeleka.

"Kamati inakaa lini?" akauliza.

"Ikitimia, baba. Watapiga simu."

*

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Walikuwa karakanani, mlango wazi, mvua imepungua na kuwa manyunyu. Mama mtu alikuwa anasinzia kwenye kiti chake, au anajifanya.

"Ulisaini," mkewe akasema.

"Nilisaini."

"Na ukapiga picha."

"Na koleo."

Alitegemea atamfokea, na alikuwa tayari. Angefurahi hata. Lakini mkewe alikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa, akapangusa uso wote kwa kiganja, kama mtu aliyeamka. "Ungeifanya vibaya kidogo tu," akasema. "Kidogo tu, baba. Kama wanavyofanya wao."

"Nisingeweza."

"Najua." Sauti yake ilikuwa imechoka kuliko hasira. "Ndiyo maana nilikubali kuolewa na wewe. Sasa angalia."

Simu yake ikawaka. Majuu. Akaitazama ikilia mpaka ikanyamaza, akailaza kifudifudi.

Wakaingoja kamati mwezi mzima. Fundi alivimaliza vioo vilivyokuwepo, akaanza kukata makombo kuwa vioo vidogo vya mfukoni, na navyo vikaisha. Haikupiga simu kamati. Aliyepiga ni Kidole.

"Mwalimu, shikamoo. Sitaki uone nakufuatafuata. Nafasi bado ipo. Na kama utakubali, njoo na ile meza yako ya kukatia. Mimi hapa ninazo mbili, zote zimepinda. Kama ile sijaiona popote."

Meza ile Fundi aliipiga randa mwenyewe, mbao za unene wa ngumi, urefu wa watu wawili waliolala, na haikuwa na mteremko hata wa unywele. Akapitisha kiganja juu ya ubao wake, kona hadi kona.

"Marahaba," akasema mwisho. "Utalileta gari?"

"Nitalileta, mwalimu. Lakini litaishia njia panda. Unajua tena."

*

Wakaibeba kwa mabega. Walitoa miguu kwanza, wakaufunika uso wa meza kwa shuka nyeupe ya kitandani usipate maji wala mikwaruzo, wakaufunga kwa kamba. Watu sita, watatu kila upande, Fundi mbele kulia, kinyozi mbele kushoto. Mkewe alifuata nyuma na miguu ya meza imefungwa kwa kanga, na baadhi ya majirani waliotoka milangoni wakaunga msafara bila kuitwa, kwa sababu walijua tope liko wapi na mahali gani pa kusaidiana.

Walikwenda polepole. Hakuna aliyeongea isipokuwa kinyozi, "shimo hapa", "kaza", "teremka". Mama yake Fundi alibaki mlangoni ameshika fimbo kwa mikono yote miwili, akiwatazama mpaka walipopotea kwenye kona.

Njia panda kulikuwa na watu wengi, saa za kwenda kazini. Walipotokeza kwenye lami na mzigo wao mweupe, pikipiki ya kwanza ikasimama. Ya pili ikazima mashine. Mwanamke mmoja akamvuta mwanawe kando. Mzee aliyekuwa anasubiri kuvuka akavua kofia, akaishika kifuani, na walipomkaribia akainamisha kichwa.

"Poleni sana, jamani," akasema. "Mungu awatie nguvu."

Fundi akafungua mdomo. Kidole alikuwa ameshashuka kwenye gari lake hapo mbele, na yeye amesimama kimya, mikono ameikutanisha. Bega lilikuwa linamuuma Fundi, na maneno ya kueleza yalikuwa mengi.

Mkewe akajibu kutoka nyuma.

"Ahsante, baba. Tumeshapoa."

Hakuna aliyemsahihisha mzee wa watu. Wakabadilishana mabega, wakaendelea.